Tano-tisa za Uongo na Flashi Mbili za Kathiani

Jumamosi jioni, Septemba 2006. Machakos.

Leo jua limewaka kama limetumwa na mtu mwenye kisasi. Vumbi limeingia mpaka kwa sukari. Niko na furaha na niko na hasira, na kwa sababu hasira ndiyo nyingi, wacha nianze nayo.

Watu ni waongo. Tena waongo wa sauti nzuri, wenye adabu, wanaosema asante na tafadhali.

Kwa wale hawanijui: niliacha shule darasa la saba na shule haijawahi kunitafuta. Nimeendesha lori kutoka Mombasa mpaka Bujumbura, mpaka Lubumbashi, mpaka Sudan ya kusini wakati ambapo barabara ya huko ilikuwa ni wazo tu. Nimekula nyoka Kongo nikidhani ni samaki, na nikaomba nyongeza. Nimepita mipaka mingi kuliko mitihani aliyopita mwalimu wangu mkuu. Na ni kwenye misafara ya malori ya misaada nilipojifunza redio ya masafa marefu, ile ya kuongea na mtu aliye nchi nyingine bila waya na bila kampuni ya simu. Niliporudi nyumbani nikafanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, ya sisi tunaoongea hewani kwa kupenda tu. Mara ya kwanza msahihishaji hakuelewa Kiingereza changu. Mara ya pili alikuwa amejifunza.

Kwa hivyo niko na kituo changu hapa nyuma ya nyumba. Redio ya Kijapani, antena ya waya niliyoifunga kwa mkaratusi, na maikrofoni ya mezani ambayo hakuna mwingine anayo Ukambani yote. Niliinunua Lusaka kwa mzee aliyeniapia imetoka kwa meli ya kivita. Imetulia mezani kama jogoo. Iko na betri yake tumboni na kikuzaji chake cha sauti. Hata kidole huna haja ya kukichosha: unasukuma swichi mbele inajifunga ikiwa imewaka, unaongea mikono ikiwa mfukoni kama waziri.

Sasa shida.

Mke wangu, Mama Ndinda, ni mtu wa Kathiani. Kaka yake mkubwa, Musembi, ni mekanika kwenye kambi ya misaada huko Sudan ya kusini. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, na redio nilimfundisha mimi, mpaka akapata leseni yake. Huko hakuna mtandao wa simu. Kuna simu moja ya setilaiti na bosi analala nayo. Kwa hivyo kila Jumamosi saa kumi jioni, Musembi huwasha redio kule, mimi huwasha hapa, na ukoo unapata habari.

Na mama yao, yaani mama mkwe wangu, anasikiliza. Musembi alimletea redio ndogo ya mawimbi mafupi yenye ile swichi ya SSB, ambayo bila hiyo sisi watu wa ridhaa tunasikika kama bata. Akamwekea alama ya rangi ya kucha mahali pa kusimamisha mshale. Mama hawezi kujibu, hana transmita ya kurushia sauti. Lakini kila Jumamosi anakaa mlangoni kwake Kathiani na kusikia sauti ya mtoto wake ikitoka mbali, na hiyo humtosha wiki nzima.

Huyu mama jicho moja lilishakufa kitambo. La pili limeanza kuingia ukungu. Madaktari wa macho wanakuja hospitali hapa Machakos Jumatatu hii, wale wa kuja na kuondoka. Jina lake limeandikwa. Kitanda kipo. Na yeye amesema hapana. Hatakatwa jicho na mtu yeyote kabla mtoto wake wa kwanza hajakubali kwa mdomo wake mwenyewe. Baba yao angekuwa hai angesema yeye, hayuko, basi ni Musembi. Ukimbembeleza anakuuliza kama umemaliza.

Jumamosi iliyopita nikamweleza Musembi kila kitu. Jicho, madaktari, Jumatatu, mama anangoja neno lako. Nilieleza kwa nguvu zote. Mimi ni mtu wa Mwala, kwetu mtu anaita mbuzi wakiwa ng'ambo ya mto wa mchanga na mbuzi wanarudi.

Musembi akajibu, safi kama kengele: "Shemeji, sikuelewi. Unafika kwa nguvu sana lakini sauti imejaa mchanga. Mama ako sawa? Rudia."

Nikarudia. Kwa nguvu zaidi.

"Shemeji, ni kama unaongea ukiwa ndani ya pipa linaloteremka mlima. Nimesikia mama. Nimesikia Jumatatu. Mama amefanya nini Jumatatu?"

Nikarudia tena, mpaka mbwa wa jirani akajibu. Halafu hewa ikageuka, kukaingia miluzi, Musembi akazama. Kumbuka mama alikuwa mlangoni kwake akisikia haya yote: mtoto wake akiuliza kama yeye ako sawa, na jibu halifiki.

Mama Ndinda hakunisemesha mpaka Jumapili baada ya kanisa. Na alichosema ni kwamba chumvi imeisha.

Basi wiki hii nikaenda kutafuta ushauri. Mimi, kutafuta ushauri. Andika hiyo.

Kuna kundi la watu wa ridhaa wanaokutana hewani kila asubuhi. Nairobi, Thika, Nakuru, mmoja Eldoret. Nikaingia Jumatatu nikawaambia: ndugu zangu, sikilizeni sauti yangu mniambie ukweli, iko na shida. Kwa redio tuna namna ya kupimana, namba ya kwanza ni kueleweka, ya pili ni nguvu. Tano-tisa ndiyo juu kabisa, hakuna kupita hapo.

Yule wa Thika akasema: "Tano-tisa, mzee wangu. Unaingia kama uko sebuleni."

Wa Nakuru: "Tano-tisa, bwana mkubwa. Sauti ya chuma."

Wa Eldoret akaniomba nirudie jina langu, halafu akanipa tano-tisa.

Umesikia hiyo? Jina langu halieleweki lakini kueleweka kwangu ni tano juu ya tano. Hawa ndio watu. Ukimuuliza Mkenya kama chakula chake kimeiva atakuambia asante nimeshiba. Mtu anakuona umevaa shati nje ndani, anakusalimu, anakuuliza habari ya watoto, anakuacha uende nalo mpaka benki. Kumwambia mtu mzima kwamba ana kasoro ni kumtukana. Kwa hivyo wote wanagawa tano-tisa kama peremende za harusi.

Na nikubali nilivyokuwa najipimia mimi: kwa hizo hizo peremende. Kwenye uso wa redio kuna sindano, imeandikwa ALC. Mimi nilikuwa naiona ikigonga mwisho na kukaa huko huko ikitetemeka, nikajua mzigo umefika. Mtu wa lori akiona sindano imelala kulia roho yake inatulia. Ndiyo mafuta, ndiyo mwendo.

Baadaye Injinia wa Nairobi akaingia. Huyu ni wa chuo kikuu, na hakuachi usahau. Akiongea anasafisha koo kwanza kama anazindua daraja. Akanieleza kwa Kiingereza, muda wa mtu kuchemsha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, ukaiva, kwamba mawimbi yangu yanarudi nyuma kwa waya na kuingia maikrofoni. Ninunue pete za sumaku za kuvisha kila waya. Anajua duka. Duka ni la nani? La kaka yake.

Nikamuuliza, na sauti yenyewe unaisikiaje?

"Tano-tisa," akasema.

Nikamwomba basi Jumamosi saa kumi yeye aingie, amweleze Musembi maneno machache tu kwa niaba yangu. Jicho la mama. Akasema Jumamosi saa kumi yeye huwa gofu. Gofu. Mtu mzima na elimu yake yote anafukuza yai kwa fimbo.

Ofisi ya Nairobi ya ile kambi wakasema ujumbe unaweza kwenda na ndege. Ndege gani? Ya wiki ijayo. Madaktari watakuwa wamekunja mashuka.

Jumatano nikapeleka redio kwa fundi hapa mjini, yule karibu na stendi ambaye ameandika mlangoni kwamba anatengeneza kompyuta, saa, simu, na jiko la gesi. Akaishika, akaipigapiga mgongo kama mtoto wa kucheua, akaniambia: "Hii ni transfoma."

"Hii redio haina transfoma," nikamwambia. "Inakula betri ya gari."

"Ndiyo maana," akasema. "Imekosa transfoma."

Nikambeba mtoto wangu nikarudi naye nyumbani. Nilimwachia fundi chai na mandazi niliyokuwa nimejinunulia kwa sababu nilimwona mdomo umekauka. Ujinga hauna dawa lakini njaa iko nayo.

Ijumaa ndipo jambo likatoka, na likatoka jikoni.

Nilikuwa nalalamika. Mama Ndinda anachambua maharagwe, mimi nimesimama mlangoni namtukana Injinia kwa mpangilio, kutoka viatu kwenda juu. Nikasema, Kenya hii yote hakuna mtu mmoja anayeweza kunisikiliza akaniambia ukweli.

Akasema bila kuinua macho, "Mama huwa anapunguza redio ukianza wewe."

"Anapunguza nini?"

"Sauti. Ukianza anapunguza mpaka chini, Musembi akirudi anaongeza. Anasema ni kama mtu anayefukuza nyani shambani. Hasikii maneno."

"Tangu lini?"

"Tangu ununue hiyo jogoo yako."

Hiyo jogoo niliinunua Krismasi. Krismasi, ndugu zangu.

Nikamuuliza kwa nini hakuna mtu ameniambia. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini usiku ni giza. "Angekuambia namna gani, Baba Ndinda? Na nthoni?"

Kwa mgeni nieleze. Nthoni ni heshima ya Kikamba kati ya mtu na mama wa mke wake, na ni heshima yenye meno. Humtazami machoni. Hukai naye chumba kimoja. Ukikutana naye njiani mmoja wenu anakumbuka ameacha kitu kichakani. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama mkwe kwenye picha za harusi, lakini huyu wangu ni wa zamani, na mimi na ujuaji wangu wote wa Lusaka na Bujumbura sijawahi kumvukia mstari huo hata kwa kucha. Miaka yote hiyo ya ndoa, tumeongea kupitia mke wangu tukiwa pande mbili za ukuta. "Mwambie huyo mtu chai iko tayari." "Mwambie mama nimeshukuru." Na kila mmoja amesikia mwenzake vizuri kabisa.

Hebu ona sasa. Mtu mmoja tu katika nchi hii mwenye redio sawa, mahali pazuri, sikio zima na hasira ya kutosha kutodanganya. Na ndiye mtu mmoja tu ambaye desturi haimruhusu kuniambia neno.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha, kwa sababu nilikumbuka lile jicho.

Mpango nimeupanga mimi, na nisingeachia mtu mwingine sifa. Mama Ndinda aende Kathiani asubuhi ya leo na simu yake. Mimi nitawasha redio saa tisa, kabla ya Musembi, nijaribu sauti. Mama asikilize kwa redio yake. Akiona bado ni nyani, simu yangu ipigwe mara moja na kukatwa. Akiona ni maneno ya mtu, ipigwe na kukatwa mara mbili. Flashi, kama kila Mkenya anavyofanya akitaka wewe ndiye ulipe. Na uzuri wake ni huu: flashi si maneno. Hata yeye mwenyewe anaweza kubonyeza. Hakuna mzee wa ukoo anaweza kusema mama mkwe ameongea na mkwe wake kwa kukata simu.

Saa tisa nikasukuma swichi ya jogoo. Nikataja alama yangu ya mwito kama sheria inavyotaka, nikaanza kuhesabu kwa sauti yangu ile ya Mwala.

Simu: moja. Kimya.

Nikasema ni uongo, ile redio yake imezidiwa na nguvu zangu kwa sababu niko karibu. Hakuna wa kunisikia nikisema hivyo, lakini nilisema.

Nikazima ile PROC, kitufe cha kubana sauti ionekane nene. Nikaongea.

Moja.

Nikapunguza kifundo cha maikrofoni kwenye uso wa redio, kile cha kuzungusha kuongeza au kupunguza sauti. Kilikuwa kimekaa mwisho, kulia, mahali pake pa siku zote. Nikakileta katikati. Nikaongea kwa nguvu zaidi ili kufidia, kwa sababu mtu akipunguziwa chakula anauma zaidi.

Moja. Na hii ilikatwa haraka, kama mlango unaofungwa usoni.

Nikakishusha kifundo karibu na sifuri. Sindano ya ALC bado imelala kulia, inatetemeka. Moja. Hapo nilijua ni wa Kathiani wenyewe wananichezea. Saa kumi inakuja. Nilitoa jasho mpaka shati likanishika mgongoni. Nilikaa nyuma kwenye kiti, nikaacha maikrofoni mezani, nikageuza uso dirishani, nikaanza kuongea peke yangu kwa Kikamba, sauti ya chini, kwa sababu mtu hagombani na nafsi yake kwa lugha ya kuazima.

Nilianza na Injinia. Nikampa haki yake. Halafu fundi na transfoma yake. Halafu, Mungu anisamehe, nikafika kwa mama.

Nikasema, na huyu mama naye. Kichwa kama jiwe la machimbo ya Lukenya. Jicho linakufa, kitanda kiko, na yeye ameketi mlangoni anangoja ruhusa kutoka Sudan. Ningekuwa na ruhusa ya kumgusa ningembeba mgongoni leo hii mpaka hospitali, apige kelele njia nzima. Mama yangu alizikwa nikiwa barabarani, habari ilinifikia kaburi limeota nyasi. Huyu ndiye mama niliyebaki naye. Na hawezi hata kuniambia nimefunga vifungo vya shati vibaya.

Nikafuta macho, ya vumbi.

Simu ikalia. Ikakata. Ikalia tena. Ikakata.

Mbili.

Nikaitazama. Nikatazama redio. Taa nyekundu ya kurusha ilikuwa inawaka. Ile swichi ya jogoo, fahari yangu, ile ya kuweka mikono mfukoni kama waziri, ilikuwa imejifunga tangu mwanzo.

Nimetazamwa na bunduki mpakani na sikutokwa na jasho namna hiyo. Nimemwita mama mkwe wangu jiwe, hewani, kwa Kikamba safi, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi kila neno limefika.

Lakini mtu wa lori hata akipinduka anaangalia kwanza kama injini inawaka. Nilikuwa nimeona kitu. Wakati nanung'unika, sindano ya ALC haikugonga mwisho. Ilikuwa inainuka na kushuka polepole, ndani ya ule mstari mnene uliochorwa pale, kama kifua cha mtu aliyelala. Ule mstari kumbe haukuwekwa kwa urembo. Sindano ikikaa ndani yake, redio inakula na kumeza. Ikipita, unailisha kupita koo lake, na inachotoa upande wa pili si sauti, ni matapishi. Ng'ombe aliyevamia mahindi mabichi hafi kwa njaa, hufa akiwa amevimba, na mwenyewe anamsifu jinsi alivyonona.

Nikazima kila kitu, nikapindua jogoo miguu juu. Chini ya tumbo, chini ya kipande cha plasta, kulikuwa na kifundo kidogo cha pili. Cha kile kikuzaji chake mwenyewe. Kimezungushwa mpaka mwisho na yule mzee wa Lusaka, ili mnunuzi akiijaribu dukani aruke. Kwa hivyo sauti ya Mwala ilikuwa inakuzwa na jogoo, halafu inakuzwa na redio, halafu inabanwa na PROC, na mimi juu ya yote hayo napiga kelele. Na kule mbele nilipokuwa napunguza, nilikuwa nafunga dirisha na mlango uko wazi.

Injinia na pete zake za sumaku. Anipe pete moja nimvishe puani.

Nikakirudisha kile kifundo nyuma kabisa. Cha redio nikakileta taratibu mpaka sindano ikalala ndani ya mstari. Nikarudisha kiti nyuma kidogo. Sikujaribu tena, saa kumi ilikuwa imefika, na kusema kweli niliogopa simu.

Musembi akaingia kwa wakati wake. "Shemeji, uko? Leo tafadhali pole pole."

Nikamweleza. Kwa sauti ile ya kumwambia mtu aliye kando yako kwamba kiatu chake kimefunguka. Jicho la mama. Madaktari Jumatatu. Anangoja neno lako na anasikiliza sasa hivi.

Halafu: "Shemeji, ni wewe ama ni mtu mwingine ameshika redio?"

"Ni mimi."

"Nimekupata. Nimekupata neno kwa neno." Halafu hakuwa anaongea na mimi tena. "Mwaitu. Ni Musembi. Enda Jumatatu. Mimi nimekubali. Nikija Krismasi nataka unione ukiwa jikoni, usinishike uso kwanza ndio ujue ni nani. Enda, mwaitu."

Mwaitu, kwa Kikamba, maana yake ni mama yangu. Sijui kama kuna neno limewahi kupita kwenye ile antena likiwa zito kuliko hilo.

Tulipomaliza, hewa bado inatulia, yule wa Thika akajitokeza. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nikamuuliza, ndugu, leo unanisikiaje ukilinganisha na Jumatatu?

"Tano-tisa, mzee wangu," akasema. "Kama kawaida."

Kama kawaida. Huyo mtu ukimletea maji na mkojo atasema vyote ni vinywaji.

Nikafunga redio. Na simu ikalia. Nikangoja ikatwe. Haikukatwa. Ikalia tena, na tena, jina la Mama Ndinda likiwaka. Nikapokea nikasema, haya, umemsikia mume wako?

Pumzi tu, ya mtu mzima, na nyuma yake ile redio ndogo ikikoroma peke yake. Pumzi ya mke wangu naijua. Hii haikuwa yake.

Sikuthubutu kusema neno. Na yeye hakusema neno kwangu. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, simu ikila pesa, karibu kuliko tulivyowahi kuwa tangu nimuoe mtoto wake. Halafu nikamsikia akigeuza kichwa kidogo, simu ikiwa bado sikioni kwake, na kusema kwa mtu wa kando, polepole na kwa kueleweka kabisa:

"Mwambie huyo mtu leo ameongea kama mtu. Na umwambie jiwe la Lukenya litakuwa tayari Jumatatu asubuhi, asichelewe na gari."

Nami nikageuza kichwa, nikaiambia jogoo iliyotulia mezani: "Mwambie mama nimesikia."

Akakata.

Basi hiyo ndiyo Jumamosi yangu. Nimekuja hapa saiba, kwenye intaneti ya kulipia, kuandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kunisikiliza mpaka mke arudi, na mtu hawezi kubaki na hadithi kama hii kifuani usiku mzima. Wale wa tano-tisa nimewadharau na nitaendelea kuwadharau, kesho asubuhi naanza na wa Thika. Injinia nitampa namba yake ya kweli, mbili-tisa: nguvu nyingi, haelewiki.

Lakini kuna kitu kinanikereketa, nikiandike kabla sijalipa na kutoka. Kama mama alikuwa ananipunguza tangu Krismasi, na nilikuwa sijui, ni nani mwingine ananipunguza?

Jumatatu nitawaendesha mimi mwenyewe. Mama mkwe nyuma, macho dirishani. Mimi mbele, macho barabarani. Mama Ndinda katikati, akibeba maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. Na nitaongea kidogo, kwa chini, sindano ikiwa ndani ya mstari.